Mashine Inayosoma Picha ya Kifua: Vikundi Vyetu Viulize Nini?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya zile mashine mpya za eksirei ambazo siku hizi hubebwa kwa gari mpaka sokoni au uwanja wa shule, na ambazo watu wanasema ati zina akili. Wengine wenu mmezisikia kwa redio, wengine mmeambiwa na wahudumu wa afya ya jamii. Kila tunapopita tunaulizwa swali moja, nalo ni swali zuri: "Kompyuta ikisema nina TB, ninayo kweli? Na ikisema sina, niende nyumbani nilale?"

Jibu fupi ni hapana, kwa yote mawili. Jibu refu ndilo tumekuja nalo.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu, au TB kama tulivyozoea kusema, huletwa na viini ambavyo daktari Mjerumani, Robert Koch, alivitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Si uchawi, si laana ya ukoo, na wala hakirithiwi. Kinapita hewani, mgonjwa anapokohoa ndani ya nyumba isiyo na madirisha ya kutosha. Kina dawa, na dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa TB ya kawaida, matibabu huchukua miezi sita. Hata hivyo, mwaka 2023 peke yake, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 waliugua TB duniani, na watu milioni 1.25 wakafa. Ugonjwa una dawa na watu wanakufa. Hapo kuna jambo la kuuliza.

Sababu moja kubwa ni kwamba wengi hawajulikani. Hapa Kenya, kati ya mwaka 2015 na 2016, serikali ilifanya uchunguzi mkubwa. Haikungoja wagonjwa waje hospitali, iliwafuata watu mashinani. Watu 63,050 wa umri wa miaka 15 na zaidi walishiriki. Wakaulizwa kama wanakohoa, wakapigwa picha ya kifua, na wale walioonyesha dalili yoyote wakatoa makohozi yakapimwe. Wagonjwa 305 wakapatikana. Ukipiga hesabu ya nchi nzima, ilikuwa kama watu wazima 558 katika kila 100,000. Hiyo ilikuwa zaidi sana kuliko ilivyodhaniwa. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na virusi vya UKIMWI, ingawa watu wengi hudhani TB na UKIMWI ni kitu kimoja.

Jambo la kutia maanani ni hili: baadhi ya wagonjwa hao hawakuwa na kile kikohozi cha majuma mawili tunachofundishwa kila siku. Walikuwa shambani, walikuwa sokoni, wanaendelea na kazi zao. Wasingepigwa picha, wangekosekana. Ndiyo maana eksirei imerudi kwa nguvu katika kazi ya TB.

Picha ya eksirei si kitu kipya. Mjerumani mwingine, Wilhelm Röntgen, aliigundua miale hiyo mwezi wa Novemba 1895 katika mji wa Würzburg, na kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa na pete ikionekana. Mnamo 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Kwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini watu wanapigwa picha. Shida haikuwa kupiga. Shida ni kusoma. Picha ya kifua ni kivuli juu ya kivuli: mbavu, moyo, mishipa, mapafu, vyote vimelaliana. Anayejua kuisoma amesoma udaktari miaka mingi, kisha akaongeza mingine kwa ajili ya picha tu. Wataalamu wa namna hiyo ni wachache, na hapa kwetu wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Nyinyi mnajua wenyewe: picha inapigwa Jumatatu, majibu unaambiwa urudi juma lijalo, na nauli ya kurudi haipo.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Sasa mtauliza, kompyuta inajuaje? Tuchukue mfano wa kuchambua maharagwe. Msichana mdogo huketi na nyanya yake na ungo. Nyanya hamfundishi kwa kitabu. Anamwambia tu, "Hili baya, hili zuri, hili lina mdudu." Baada ya magunia kadhaa mtoto anachambua peke yake, pengine upesi kuliko nyanya, na ukimuuliza amejuaje hawezi kukueleza vizuri. Kompyuta inafundishwa hivyo hivyo. Inaonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, kila moja ikiwa na alama: huyu alikuwa na TB, huyu hakuwa nayo. Inajitafutia yenyewe kinachotofautisha. Mwishowe, ukiipa picha ambayo haijawahi kuiona, inatoa alama, tuseme kutoka 0 hadi 100, kuonyesha inavyoshuku. Hiyo ndiyo wanaiita akili bandia. Haina macho wala huruma, na haikujui wewe ni nani. Ina mazoea tu, lakini ni mazoea mengi sana.

Je, inafanya kazi? Tusiwe watu wa kukataa kitu kwa sababu ni kigeni. Inafanya. Huko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, watafiti walichukua picha za watu 23,954 waliofika katika vituo vitatu vya TB, wakazipitisha katika programu tano za kampuni mbalimbali, na picha hizo hizo zikasomwa na madaktari watatu wa picha wa nchi hiyo. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Programu zote tano ziliwashinda madaktari hao. Tena waliona kwamba ukitumia programu kuchagua nani apimwe makohozi, unaweza kupunguza vipimo kwa nusu na bado ukawapata zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100. Kipimo cha makohozi kwa mashine ya GeneXpert ni ghali, kwa hivyo nusu si kitu kidogo. Mwaka huo huo wa 2021, Shirika la Afya Duniani likakubali kwamba programu hizi zaweza kutumika mahali pa daktari katika kuchuja watu wa umri wa miaka 15 na zaidi.

Sikieni neno hilo vizuri: kuchuja. Hawakusema kuhukumu.

Na hapa ndipo tungependa mtege masikio, hata kama chai inanukia. Mnalijua chekeche. Likiwa na matundu makubwa, unga unapita upesi lakini na wadudu wanapita. Likiwa na matundu madogo, wadudu wote wanabaki, lakini na unga mwingi mzuri unabaki pamoja nao, nawe una kazi ya kuurudia. Alama ya kompyuta ni hivyo. Lazima mtu aamue mstari upite wapi. Tuseme wenye mradi wameamua kwamba kila mwenye alama 60 na zaidi atoe makohozi. Nambari hiyo ni ya mfano tu. Sasa mwenye 60 anapelekwa mbele, mwenye 59 anaambiwa, "Mama, uko sawa, nenda." Kuna tofauti gani kati ya hawa wawili? Hakuna. Mstari huo haukuchorwa na kompyuta. Umechorwa na watu walioketi mezani wakatazama pesa za vipimo zilizopo na idadi ya wagonjwa wanaokubali kuwakosa.

Hatusemi wamefanya vibaya. Pesa ni lazima zihesabiwe, hata nyinyi mnahesabu. Lakini uamuzi huo unahusu ndugu zenu, na ni haki yenu kujua mstari umewekwa wapi na kwa nini. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri mstari upimwe upya mahali programu inapotumika, kwa sababu watu wa Dhaka si watu wa Kisumu wala wa Lodwar. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kampuni hutoa programu mpya kila baada ya muda, na ikija mpya, 60 ya jana si 60 ya leo. Mradi ukibadilisha programu bila kuupima mstari tena, watu wanaweza kuanza kukosekana na hakuna atakayejua.

Wale wanaokosekana au kushukiwa bure ni akina nani? Utafiti wa Dhaka ulitaja makundi mawili ambayo programu zote tano ziliwasoma vibaya zaidi: wazee waliopita miaka 60, na watu waliowahi kuugua TB zamani. Inaeleweka. Mtu aliyepona TB hubaki na kovu kwenye pafu, kama jeraha la panga linavyobaki mguuni. Kompyuta inaona kovu inashtuka. Hata wale ndugu zetu wanaochonga mawe machimboni bila kufunika pua wanaweza kuonyesha vivuli, na si TB bali ni vumbi. Upande wa pili, mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na TB na picha yake ikaonekana safi. Huyo asitulizwe na mashine. Kwake yeye kikohozi cha siku yoyote, homa, kukonda, au jasho la usiku, hata kimoja kati ya hivyo, kinatosha kwenda kupimwa.

Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho tunapenda kukisimulia kwa sababu kinaonyesha tabia ya vitu hivi. Mwaka 2018 watafiti waliifundisha programu kutambua nimonia, wakitumia picha zaidi ya 158,000 kutoka mahali patatu: hospitali ya Mount Sinai huko New York, taasisi ya afya ya serikali yao huko Maryland, na chuo kikuu cha Indiana. Kwa picha za pale ilipofundishiwa, programu ilifanya vizuri sana. Walipoijaribu kwa picha za mahali pengine, mara nyingi ikashuka. Wakachunguza. Kumbe ilikuwa imejifunza kutambua picha imetoka hospitali gani! Kwenye pembe ya picha kuna kile kipande cha chuma ambacho mpigaji picha huweka kuonyesha upande wa kulia au kushoto, na kila hospitali ina chake. Kule Mount Sinai picha moja katika tatu ilikuwa ya nimonia, na kwa wale wengine ilikuwa kama moja tu katika mia. Basi programu ilikuwa na njia ya mkato: ikiona alama za Mount Sinai, inaongeza shaka.

Ni kama mwalimu anayempa mtoto alama nzuri kwa sababu ya sare yake safi. Programu haikuwa na nia mbaya. Ilifanya kile ilichoona kinaleta jibu sahihi. Ndiyo maana mtu akija kwenu na kusema, "Programu hii imejaribiwa Ulaya na ni sahihi kabisa," mwulizeni kwa heshima: na hapa kwetu imejaribiwa?

Hata wakubwa wa elimu hii hukosea kukadiria. Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa namna hii ya kuifundisha kompyuta, alisema mjini Toronto mwaka 2016 kwamba watu waache sasa kuwafundisha madaktari wa picha, maana katika miaka mitano, pengine kumi, kompyuta ingewapita. Miaka mitano ikaisha 2021, na madaktari wa picha bado wanatafutwa kwa tochi. Bwana huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024, tuzo ile ile aliyopewa Röntgen, na heshima yake haipungui. Tunasema tu kwamba kazi ya daktari haikuwa kutazama kivuli peke yake. Daktari anauliza ulikuwa unafanya kazi wapi, uliugua nini zamani, nani anakohoa nyumbani.

Turudi kwenye mambo ya hapa, maana hayo ndiyo mtakayoulizwa na wanavikundi wenu mkifika nyumbani.

Mashine inapotangazwa itakuja, ulizeni mapema: mtu akipata alama ya juu, makohozi yanachukuliwa pale pale au anaambiwa aende hospitali? Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa kama saa mbili, na tena inaonyesha kama viini vinasikia dawa ya rifampisini. Lakini kama iko kilomita arubaini kutoka sokoni, hizo saa mbili hazina maana kwa mtu asiye na nauli. Hapo ndipo kikundi kinaweza kufanya jambo ambalo kompyuta haiwezi. Tumeona vikundi vikitenga pesa kidogo kutoka kwa mchango wa kila mwezi, si mkopo bali nauli tu, ili mtu yeyote aliyetumwa kwa kipimo cha pili asikose kufika. Mtu akipigwa picha, akapewa alama ya juu, kisha asifike kwenye kipimo cha makohozi, ni kama hakupigwa picha. Afadhali hata hivyo, kwa maana sasa amebeba wasiwasi pamoja na ugonjwa.

Jambo la pili ni siri. Picha yako ya kifua ni mali yako ya ndani. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimewekwa kati ya zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Picha hizi husafiri. Pengine zinasomwa kwenye kompyuta ndogo pale pale, pengine zinatumwa mbali kupitia intaneti, na pengine zinabaki kule na kutumika kuifundisha programu nyingine ya kuuzwa. Mna haki ya kuuliza picha zinaenda wapi na kwa kazi gani, na kujibiwa kwa lugha mnayoielewa. Mtu asitie kidole gumba kwenye karatasi asiyosomewa.

Lakini siri inayovunjika mara nyingi zaidi haivunjwi na kompyuta. Inavunjwa na sisi. Mtu anaitwa kando baada ya picha, watu kwenye foleni wanatazamana, na kabla ya jua kutua kijiji kizima kinasema, "Fulani ana TB." Kesho yake kikombe chake kinatengwa. Juma lijalo kikundi kinasita kumpa mkopo wake ingawa zamu ni yake. Na kumbe alikuwa na kovu la mwaka 1998! Makohozi yake yakipimwa ni safi. Sasa nani atamrudishia jina lake? Tunawaomba viongozi mlizungumze jambo hili katika vikundi kabla mashine haijafika, siyo baada. Alama ya kompyuta isitajwe hadharani, na zamu ya mkopo isiguswe. Hata yule aliyethibitishwa kweli, akishaanza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua upesi, na atahitaji pesa kuliko wakati wowote, maana dawa za TB zinataka chakula.

Kuhusu usalama wa miale, tusitishane. Picha moja ya kifua humpa mtu miale kidogo, kama ile tunayopata kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Mama mjamzito amwambie mpigaji picha ili achukue tahadhari. Watoto chini ya miaka 15 wasisomewe na kompyuta peke yake, kwa maana ule ushauri wa 2021 haukuwahusu, na TB ya mtoto haifanani na ya mtu mzima. Mtoto anayekohoa, asiyeongeza uzito, au anayeishi na mgonjwa wa TB, apelekwe kwa mhudumu wa afya moja kwa moja. Na mashine yoyote ya eksirei lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia. Si utovu wa adabu kuomba kuonyeshwa.

Na yule aliyeambiwa "uko sawa" naye bado anakohoa? Arudi. Arudi hata kama alama yake ilikuwa 5. Aseme wazi, "Nilipigwa picha, nikaambiwa niko sawa, na bado nakohoa, nataka nipimwe makohozi." Wahudumu wengine watamjibu kwamba kompyuta imeshasema. Kwa hivyo asiende peke yake, aende na katibu wa kikundi au mtu mwingine asiyeogopa kuuliza mara mbili.

Tunaona mikono imeinuliwa. Tuanze na yule mama wa pale nyuma mwenye leso ya kijani, halafu yule mzee aliyesema alifanya kazi ya kuchonga mawe.